Vidonge Vitatu vya Mkwe

Jumatatu, Machi 4

Mvua imeanza leo alfajiri, na bati la jikoni limeanza kuvuja palepale lilipovuja mwaka jana. Nimeweka ndoo. Daftari hili tulipewa kliniki siku ya mafunzo ya wasimamizi wa dawa, eti tuandike maendeleo ya mgonjwa. Maendeleo ya mgonjwa yana kadi yake, inatosha. Daftari nimelifanya langu. Miaka thelathini na moja nimeandika ripoti za wodi ya wazazi, nani kapoteza damu kiasi gani, mtoto wa nani ana uzito gani, na sijawahi kuandika mstari hata mmoja unaonihusu mimi.

Haya. Nimestaafu, ni mjane, naishi ua mmoja na binti yangu wa pekee, mumewe, na mtoto wao wa miezi mitano. Chumba changu huku, vyumba vyao viwili kule, jiko katikati. Mkwe wangu anatengeneza majokofu. Mtaa mzima unamwita Fundi Baridi, na si kwa sababu ya majokofu peke yake. Ukimpelekea friji Jumatatu, omba Mungu ulione Ijumaa ya mwezi ujao. La kwangu lilikaa wiki tatu, na lilipokwisha skrubu moja ilibaki mezani. "Hiyo ilikuwa ya ziada, Mama," akaniambia, anacheka.

Mwanzoni mwa mwezi uliopita alikutwa na kifua kikuu. Kliniki wanataka kila mgonjwa awe na mtu wa nyumbani wa kumwona akimeza dawa, kila siku, miezi sita. Binti yangu anaingia kiwanda cha mikate saa kumi na moja alfajiri. Kwa hiyo mtu huyo ni mimi. Mama mkwe kumkodolea mkwewe mdomo. Sikuyaomba.

Machi 5

Vidonge vitatu. Sahihi. Mvua.

Machi 9

Niandike tunavyofanya, maana hakuna wa kumsimulia. Saa moja asubuhi anabisha. "Hodi, Mama." Namwekea vidonge vitatu kwenye kisahani, vyekundu kama tofali, na glasi ya maji. Kisha nageukia dirisha. Na yeye, nadhani, anageukia mlango. Nasikia maji yanashuka, nasikia glasi inawekwa mezani. "Tayari, Mama." Nageuka na kuweka sahihi kwenye kijisanduku kilichoandikwa "Nimeona".

Watu wazima wawili tunapeana migongo kama waliogombea shamba la urithi. Lakini nifanyeje? Mwili wa binadamu haujanitisha tangu nikiwa na miaka ishirini. Nimezalisha wanawake hata hesabu sina. Mkwe ni kitu kingine. Tangu amwoe binti yangu hatujatazamana usoni zaidi ya salamu, na mimi nimemshukuru kwa hilo, kwa sababu ana adabu hata kama hana bidii. Sasa nimwambie, "Baba, panua mdomo, inua ulimi"? Sina uso huo. Maji yanasikika yakishuka. Inatosha.

Machi 14

Vidonge vitatu. Sahihi. Ndoo ya jikoni imejaa mara mbili.

Machi 22

Anakohoa kuliko mwezi uliopita. Uzito haujaongezeka, suruali anaifunga kwa waya wa umeme. Binti yangu alipomwambia anunue mkanda, alijibu kwamba waya huu ni imara zaidi, umeshika friji la mbunge. Hakuna mbunge aliyewahi kumpelekea friji. Watu wenye maradhi haya, kwa niliowaona, wiki ya nne hamu ya kula huwa imerudi, wanagombana jikoni. Yeye anaacha nusu sahani.

Machi 23

Sahihi.

Machi 30

Mvua haijakatika siku tatu. Nimejikuta nasikiliza ile glasi kwa makini. Kuna siku inawekwa upesi, kuna siku inachelewa. Inachelewa kwa nini? Mtu akitaka kukificha kidonge chini ya ulimi, maji yatasikika vilevile yakishuka.

Sikugeuka.

Jumatatu, Aprili 8

Leo nitaandika mengi.

Tulikwenda kliniki mimi na yeye kuchukua majibu ya makohozi ya mwezi wa pili. Kule bado wananiita Sista. Mlinzi, mfagiaji, karani, wote, "Shikamoo Sista, karibu Sista." Daktari ni kijana, mama yake alijifungulia mikononi mwangu, na kila nikienda ananikumbusha.

"Makohozi bado yana vijidudu, Sista," akasema. "Miezi miwili wengi huwa wameshakuwa safi. Na mashine inasema vijidudu vyake si sugu. Dawa hii inaviua vizuri tu. Sasa kwa nini ndani yake havifi? Unamwona akimeza?"

"Namwona."

"Kwa macho?"

"Kwa macho yangu haya mawili, Daktari. Si unanijua?"

Mkwe wangu alikuwa kwenye kigoda, kofia magotini. Aliinua uso akanitazama. Kisha akainama tena, akaanza kuizungusha ile kofia.

"Basi sielewi," Daktari akasema. Akangoja.

Hapo nilipewa nafasi. Ningeweza kusema, Daktari, kusema kweli huwa nageuka. Maneno matano. Lakini karani alikuwa anasikiliza, na muuguzi niliyemfundisha mwenyewe kushika bomba la sindano alikuwa amesimama mlangoni. Ndani ya kifua changu kulikuwa na hofu mbili, ya kwanza kwamba huyu mtu amekuwa akinidanganya miezi miwili, ya pili kwamba nimemruhusu. Nikachagua ile ya kwanza, nikaisema kwa sauti.

"Kumeza anameza. Huko nyuma anakokwenda akishameza sijui. Mtu anaweza kujitapisha."

Daktari akamgeukia. "Unasemaje?"

"Mimi nameza, Daktari."

"Kila siku?"

"Kila siku."

"Mbele ya Mama?"

Aliacha kuizungusha kofia. "Mama yupo kila siku," akasema.

Daktari akachukua kalamu nyekundu na kuandika juu ya kadi: Umezaji una mashaka. Akanipa niweke sahihi kama msimamizi. Nikaweka.

Kwenye korido alikaa mwanamke mwenye sanduku la barafu na orodha mkononi, mtafiti. Anawachukua damu wale wote ambao makohozi yao hayajasafika, apime dawa inafika kiasi gani ndani ya damu. Alimkaribisha mkwe wangu vizuri, akamkunjia na shati. Kisha akasoma kadi.

"Samahani, kaka," akasema, akamkunjulia lile shati. "Wenye mashaka ya kumeza siwachukui. Dawa ikionekana kidogo kwenye damu yako, nitajuaje kama ni mwili au ni kutomeza?"

"Ni kweli," akasema mkwe wangu. "Huwezi kujua."

Tulirudi kwa miguu, mwavuli mmoja. Akanishikia mimi, yeye akatembea nje yake.

Aprili 9

Leo nimeangalia. Tochi na kijiko. Nimemwambia, "Baba, panua mdomo." Akapanua, akafumba macho. Nimeinua ulimi wake kwa kijiko, nimeangalia mashavu kulia na kushoto. Hakuna kitu. Nimemweka saa nzima kwenye kiti cha mlangoni asitoke. Alisema tu, "Sawa, Mama." Sisi wawili tulikuwa tunatoka jasho.

Aprili 12

Amemeza. Nimekagua. Hakuna kitu mdomoni.

Aprili 15

Nimekagua. Hakuna kitu. Basi alikuwa anatema wakati ule, na sasa anajifanya mtakatifu.

Aprili 21

Nimemwambia binti yangu ahamie chumbani kwangu na mtoto.

"Mama, yule ni mume wangu."

"Na huyu ni mtoto wako. Baba anayetupa dawa hajali anamkoholea nani."

"Nani amekwambia anatupa?"

"Kadi imesema."

"Kadi imesema ulichosema wewe."

Nilimgombeza kwa jibu hilo. Nikamwambia mficha maradhi kifo humuumbua, na mengine ambayo sitayarudia hapa. Alilia, lakini mtoto alikuwa amekohoa mara mbili mchana, na hofu ya mzazi haina hoja. Jioni aliposema ndiyo, godoro alilibeba mume mwenyewe, akavuka nalo ua kwenye manyunyu, akalilaza upande usiovuja. Akapumzika mara tatu njiani. Ni hatua kumi na nne.

Aprili 27

Mvua kubwa. Nimemfuata hadi nyuma ya choo, nimesimama na mwavuli wangu nisikilize kama anajitapisha. Mwanamke wa miaka sitini na mbili. Nilichosikia ni kukohoa.

Mei 1

Nimekagua. Hakuna kitu.

Mei 2

Hakuna kitu.

Jumatatu, Mei 6

Makohozi ya mwezi wa tatu: bado.

Daktari amesema ikifika mwezi wa tano hali ikiwa hivi, ataandika matibabu yameshindwa, na mkwe wangu ataanzishiwa dawa nyingine, kali, za muda mrefu. Akanitolea macho yule kijana niliyempokea duniani. "Sista, sasa hivi unamwona kweli?" Nikasema namwona. Safari hii ilikuwa kweli, na haikuniondolea kitu. Siku ishirini na nane nimeinua ulimi wake kwa kijiko. Siku ishirini na nane amekaa saa nzima mbele yangu. Natafuta ujanja wake nimekosa. Mtu anayechelewesha friji wiki tatu anaweza kweli kunizidi akili kila asubuhi?

Mei 8

Nimeuliza. Miezi mitatu nilipaswa kuuliza.

Binti yangu alikuwa jikoni anachuja uji wa mtoto. Nikamwambia, "Mwanangu, nikuulize jambo, usinikasirikie."

"Uliza."

"Mkojo wa mumeo una rangi gani?"

Akaweka chujio chini. "Mama, umefika huko?"

"Nijibu."

"Rangi ya chungwa! Shuka zangu za harusi zimeharibika, fulana zake zote zimeingia rangi kwapani. Tangu siku ya kwanza alipoanza hizo dawa. Kwa nini?"

Kila muuguzi analijua hili. Kile kidonge chekundu kikishaingia kwenye damu kinatia rangi maji yote ya mwili, mkojo, jasho, machozi. Kikitemwa hakitii. Kikitapikwa hakitii. Nimezifua zile fulana mwenyewe wakati binti yangu ana homa, mwezi wa pili. Nilifikiri ni kutu ya majokofu.

"Kwa nini, Mama?"

"Nilikuwa nauliza tu."

Amekuwa akimeza. Kila siku, mgongoni kwangu, amekuwa akimeza. Kesho nitakwenda kumwambia Daktari.

Mei 9

Mvua. Barabara ya kliniki imejaa maji. Sikwenda.

Mei 10

Mvua. Sikwenda.

Mei 11

Jumamosi, Daktari hakai.

Mei 13

Mvua imepungua. Sikwenda.

Mei 14

Leo hakukuwa na mvua kabisa. Jua lilitoka, watu wameanika magodoro. Sikwenda.

Nikimwambia Daktari alikuwa anameza tangu mwanzo, ataniuliza, sasa lile neno la kujitapisha ulilitoa wapi? Nitasema nini? Nimewafokea wauguzi wadogo miaka thelathini na moja kwa kuandika mapigo ya moyo ambayo hawakuyahesabu. Mmoja nilimfukuzisha kazi. Nyani haoni kundule.

Mei 16

Asubuhi, baada ya kumeza, amekohoa kwenye leso na kuikunja upesi asinionyeshe. Nimeiona. Damu, si nyingi. "Ni ya fizi, Mama," akasema. Mimi ndiye anayedanganya humu ndani, na yeye ndiye anayejitetea.

Mei 17

Nimekwenda. Mvua ilinyesha njia nzima, sandali moja imekatika.

Nilimwambia Daktari nusu yake. Nilisema nina hakika anameza, mkojo ni shahidi, nguo ni shahidi. Hakuniuliza nilichoogopa. Aliuliza kitu kibaya zaidi.

"Kwa nini hukuniambia mwezi uliopita, Sista?"

"Sikuwa na hakika."

Akamwita mtafiti. Yule mama akakuna kichwa kwa kalamu, akasema anaweza kumchukua, ila amezee palepale kliniki mbele yake, ndipo damu itolewe. Jumatatu.

Mei 20

Saa mbili asubuhi amemeza vitatu mbele ya watu watatu, tumbo tupu. Saa nne wametoa damu. Saa nane wametoa tena. Katikati amekaa kwenye benchi, na feni ya ukumbini ilipogoma akaomba bisibisi. Wamemkatalia kwa sababu ni mgonjwa. Alipokwenda haja, feni ikawa inazunguka. Sijui alitumia nini.

Damu imewekwa kwenye barafu, inakwenda maabara kubwa, mbali. Majibu wiki tatu.

Mei 27

Vidonge vitatu. Sahihi. Nimesikia mafuriko yamezuia magari njia ya huko maabara. Uzito wake kilo arobaini na sita.

Juni 3

Binti yangu amerudi chumbani kwake. Sikumwambia arudi, na hakuniomba ruhusa. Amemwacha mtoto kwangu. Godoro amelivuta peke yake kwenye matope, na mimi nimeshika mtoto mlangoni, nikitazama.

Jumatatu, Juni 10

Majibu.

Mtafiti alituketisha wote watatu, mimi, binti yangu na mkwe, kwenye chumba cha chanjo. Alikuwa na karatasi moja lakini hakuisoma. Aliongea kama mtu anayeeleza njia.

"Mwilini mna kitu kinachovunja dawa ili itoke. Kila mtu amezaliwa nacho, ila hatukuzaliwa nacho sawa. Kuna ambao chao ni kizito, dawa inakaa ndani mno, inawaharibu ini. Hapa ninao wawili, macho yamekuwa manjano. Na kuna ambao chao kina pupa. Wewe, kaka, kina pupa sana. Saa mbili baada ya kumeza, dawa moja muhimu kati ya zile ilikuwa imebaki robo ya inayotakiwa. Baada ya saa sita, hakuna."

"Kwa hiyo vilikuwa vinapita tu," akasema binti yangu.

"Vinapita tu. Vijidudu vilikuwa vinapakwa dawa, havikuwa vinauawa."

Nikauliza, "Na hiyo dozi ya vidonge vitatu nani aliipima?"

"Ilipimwa zamani, Mama. Mbali."

"Kwa watu gani?"

"Si sisi." Akaikunja ile karatasi. "Hapa hakuna aliyewahi kupima. Ndiyo kwanza tunaanza. Nimepima watu thelathini na wanane, kumi na mmoja wako kama huyu. Kule dozi ilikotoka sijui kama wangefika watatu."

Hapo mkwe wangu akaanza kucheka, kile kicheko chake cha kuishia kwenye kikohozi.

"Maisha yangu yote wateja wananitukana nachelewa," akasema. "Leo nimeambiwa nina haraka. Na haraka haraka haina baraka."

Binti yangu alicheka, mtafiti akacheka, na mimi nikacheka hadi nikatoa machozi, ambayo yalikuwa tayari kwa kazi nyingine. Nilimpenda yule mtu pale, niseme wazi. Miaka mitatu amekuwa mwanangu na nilikuwa sijampenda.

Daktari ameandika dozi mpya: vile vitatu vya kawaida, na viwili vyeupe juu yake. Amesema kifua kimechimbika mahali, angependa tungeanza Aprili. Hakunitazama aliposema. Au alinitazama, mimi ndiye sikumtazama.

Juni 12

Vidonge vitano. Nimeangalia akimeza, bila tochi. Aliniona naangalia, akatikisa glasi kidogo kama anayeniambia afya.

Juni 14

Vitano. Amekula sahani nzima. Nimeandika hapa kwa sababu ni sahani nzima.

Juni 15

Vitano. Mvua kidogo. Anatengeneza friji la jirani uani, chini ya turubai.

Jumapili, Juni 16

Amekufa.

Saa tatu asubuhi. Alimeza saa moja, akakaa, akaenda kwenye lile friji. Nilikuwa napepeta mchele. Nilisikia bisibisi inaanguka, nikajua kabla sijageuka, kwa sababu ameshika bisibisi miaka yote na sijawahi kusikia imemponyoka. Alikuwa amepiga magoti, damu inatoka mdomoni na puani, nyekundu safi yenye povu. Ya kwenye mapafu. Mshipa ulikuwa umeliwa mahali.

Nimezuia damu miaka thelathini na moja. Ya wanawake inazuilika, mara nyingi. Kuna pa kukanda, kuna pa kubana. Hii haina pa kushika. Nilimlaza kwa upande wa kifua kibovu kama tulivyofundishwa, kichwa chake mapajani kwangu, nikamwita binti yangu, nikapiga kelele watu watafute gari. Alinishika mkono wa gauni. Alinitazama usoni na mimi nikamtazama, na hakuna aliyeona haya. Hakuna neno alilosema, na sitamtungia.

Gari lilifika. Halikuwa na kazi.

Juni 18

Tumezika jana. Mvua ilisimama, ikanyesha tena tulipofika nyumbani.

Juni 20

Mteja amekuja kuulizia friji lake. Binti yangu alilitoa. Linafanya kazi.

Jumatatu, Juni 24

Leo anga ni jeupe tangu asubuhi, na wanasema mvua ndiyo zimekwisha.

Tuliitwa kliniki kufunga faili, mimi kama msimamizi, binti yangu kama mjane. Karani aliandika "Amekufa" kwenye safu yake na kutaka kufunga kitabu. Mtafiti akamzuia.

"Mama, nina tatizo," akaniambia. Akaweka kadi mezani, yenye maandishi ya kalamu nyekundu. "Kadi ina maneno mawili yanayopingana. Kuna sahihi zako za 'Nimeona', na kuna haya mashaka, nayo yana sahihi yako. Wakubwa wangu wanasema mgonjwa mwenye kadi ya namna hii atolewe kwenye hesabu."

"Atolewe? Si mlimpima wenyewe?"

"Nilimpima siku moja. Wanasema huenda siku nyingine hakuwa anameza. Nikimtoa yeye, watabaki kumi. Na kati ya hao kumi, wanne wana mashaka kama haya kwenye kadi. Watabaki sita. Mwisho ripoti itasema dozi haina shida, watu wa huku hawamezi tu dawa."

"Unataka nini kwangu?"

"Maelezo. Yaliyo kweli, kwa mkono wako. Na shahidi."

Akanipa karatasi. Daktari alikuwepo, karani alikuwepo, na yule muuguzi niliyemfundisha alikuwa mlangoni, palepale aliposimama Aprili. Nikaandika. Nanakili hapa nilivyoandika:

"Mimi ni msimamizi wa dawa wa marehemu, na ni mama mkwe wake. Kuanzia Februari 6 hadi Aprili 8 niliweka sahihi 'Nimeona' siku sitini na mbili. Sikuona. Nilimpa mgongo kwa sababu ni mkwe wangu. Kwamba alikuwa akijitapisha nilibuni mimi, mbele ya Daktari, ili nisiaibike. Rangi ya mkojo na nguo zake tangu siku ya kwanza inaonyesha alimeza. Kuanzia Aprili 9 hadi alipofariki nilimwangalia kila siku. Alimeza vyote. Nilipojua ukweli Mei 8 nilikaa siku tisa bila kusema."

Daktari alisoma, akatoka nje. Hakuniita Sista.

Binti yangu alikuwa anapaswa kuwa shahidi. Nikampa. Alisoma polepole, kidole chini ya kila mstari, kama anavyosoma vipimo vya unga kiwandani. Nilingoja kelele. Nilizitaka, kusema kweli. Nilikuwa nimejiandaa kupigiwa kelele mbele ya kliniki nzima.

"Hili la mgongo nilijua," akasema.

"Ulijua?"

"Tangu wiki ya kwanza. Alikuwa anarudi ananichekesha. 'Mama yako ananitibu kwa mgongo.'"

"Sasa kwa nini siku ile hakumwambia Daktari? Angesema tu sikuangalia, wangemmezesha hapahapa mbele yao. Wangempima Aprili!"

"Alitaka kusema. Alirudi nyumbani siku ile akaketi kitandani, akaniambia, 'Ningesema pale, Mama angeaibika mbele ya watu waliomwita Sista maisha yake yote. Acha nionekane mwongo mimi. Mimi nitapona, watasahau. Yeye wangemkumbuka.'"

Akachukua kalamu, akaandika jina lake chini ya langu.

"Na mimi nikamwambia amefanya vizuri."